Njia ya Régis

Mume wangu wa zamani, Régis, ana kipaji kimoja tu, nacho ni kuwafanya watu wazima wamsikilize. Ukimwondolea mdomo hakuna kinachobaki, labda masharubu. Kwa hiyo siku ile ya mwezi wa pili, aliposimama mbele ya gari la piza la Lluc na kutangaza kwamba amepata njia mpya, mimi niliyekuwa nangoja piza yangu sikugeuka. Nilijua wengine wote wangegeuka, na kweli waligeuka, kumi na kitu, mikono mifukoni, midomo wazi kama makinda.

Kwetu sisi njia ni ukanda wa maji. Hauhitaji kuwa mpana kuliko chumba cha kulala, lakini uwe na nusu kilomita ya kukimbilia, na upepo uje kutoka nchi kavu ukaache maji yamelala. Tramontana, ule upepo wetu wa kaskazini, ikishuka hapa Leucate, kusini mwa Ufaransa, inang'oa vigae na kuwapa watu kipandauso. Watu wenye akili hufunga madirisha. Sisi tunatoa ubao, tunasimamisha tanga juu yake na kukimbia sambamba na ukingo, karibu na mchanga kiasi kwamba ungeweza kumkanyaga kaa. Ukienda mbali kidogo tu na ukingo unakuta viwimbi, na kwa mwendo ule kiwimbi kimoja kinakutupa vibaya. Ndiyo maana maisha yetu yote yamekwisha tukitafuta mahali penye upepo mwingi na maji tulivu, ambapo ukianguka utasimama na kwenda nyumbani kula. Mahali pa namna hiyo ni pachache, na anayepata hasemi hovyo.

Kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Aliyeipata njia hupita kwanza. Hupita peke yake, kwa kasi yake yote, wengine wakiwa ukingoni wanatazama. Akifika mwisho mzima, njia ni halali kwa kila mtu. Na kama siku hiyo ya kwanza atatokea mtu yeyote akafikisha fundo hamsini, yaani zaidi ya kilomita tisini kwa saa, basi njia inachukua jina la aliyeipata. Hivyo tuna Njia ya Josep, tuna Njia ya Wanda, na kule La Franqui tuna Njia ya Ghislaine. Ghislaine ni mimi. Niliipata nikiwa na mimba changa ya binti yetu, nikaipita mwenyewe, nikafikisha hamsini mwenyewe. Tangu siku hiyo Régis hajapata usingizi wa maana. Ndoa ilikufa baadaye kwa sababu nyingine nyingi, lakini kama ungenitaka nikuonyeshe ilipougulia, ningekupeleka La Franqui.

"Ziwani, nyuma ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa," alisema Régis, akipitisha simu yake yenye picha ya setilaiti. "Tazameni ukingo ulivyonyooka. Pembe yake na upepo ni safi kabisa. Hakuna mawe, hakuna mashua, upepo haukutupi baharini, unakutupa ng'ambo ya ziwa kwenye matope laini. Na maji ni ya kiunoni mwanzo hadi mwisho. Nimetembea mwenyewe, hatua kwa hatua. Hata nyanya yako, Lluc, angeweza kukimbia pale."

"Nyanya yangu amekufa," Lluc alisema, akikata piza.

"Basi ndiyo, angekuwa salama zaidi."

Wakacheka. Ndivyo anavyowapata, anawachekesha kwanza.

"Ulitembea lini?" nikauliza, bado sijageuka.

"Jumapili, mpenzi."

"Mimi si mpenzi wako. Jumapili hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya."

"Ndiyo maana nilitembea. Siku ya upepo nani atembee?"

Wakacheka tena, na hapa siwezi kumlaumu yeye peke yake, kwa sababu hilo ni gonjwa letu sote. Sisi hukagua njia siku ya utulivu. Siku ya tramontana kila mtu ana haraka ya kukimbia, na kumwambia mtu wa mwendo aache upepo uende bure huku yeye anatembea matopeni ni kama kumwambia mlevi ahesabu chupa. Tunapima maji yakiwa yamestarehe, halafu tunayapanda yakiwa na hasira. Tuko hai kwa bahati, na bahati yetu tunaiita uzoefu.

Binti yetu, Flavie, alikuwa amesimama kando ya baba yake. Ana miaka ishirini na minne, mwepesi, mabega mapana, na hakuna mtu kwenye kundi letu anayemfikia kwa kasi. Hajawahi kugusa hamsini, amekwama arobaini na tisa majira mawili mfululizo, na jambo hilo linamla. Alikuwa anamtazama baba yake kama watoto wanavyomtazama mtu mwenye mfuko wa peremende. Nikaona hapo hapo mchezo wote. Régis ana kilo mia na ushee na goti bovu. Hamsini hawezi kuziona hata akisukumwa na treni. Lakini alikuwa na binti.

Tramontana ilikuja siku nne baadaye, kali, anga imefagiliwa safi. Tulipofika mashamba ya chumvi kundi zima lilikuwa pale, matanga yanapigapiga, watu wanapiga kelele ili wasikike. Régis alikuwa amevaa suti mpya ya mpira, nyeusi, imembana mpaka huruma. Hakuwa na ubao. Alikuwa na fulana nyekundu mkononi ya kuashiria mwanzo.

"Ubao wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Goti," akasema, akilishika. Alishika goti la kulia. Bovu ni la kushoto.

Halafu akapanda juu ya gogo, kwa miguu yote miwili mizima, akatangaza kwamba leo atafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Heshima ya kupita kwanza anamwachia binti yake. "Mimi mzee," akasema, "njia hii ni ya vijana." Kuna watu walipiga makofi. Haki ya nani, walipiga makofi.

"Régis, bwana," Lluc akasema polepole. "Wewe ndiye uliyeipata."

"Sheria za mabibi hizo, Lluc. Zamani hatukuwa na setilaiti. Leo mtu anaona mpaka mchanga wa chini akiwa kitandani kwake."

"Basi lala kitandani kwako uikimbie kutoka huko," nikasema. "Aliyeipata hupita kwanza. Kama ni salama hivyo, panda."

"Nina kilo mia na tano, Ghislaine. Nikipita mimi kwanza, upepo mzuri utakuwa umekwisha."

"Mama, acha," Flavie akasema. Alikuwa ameshavaa helmeti, amefunga kipimamwendo mkononi. Hakunitazama. "Wewe umeacha kukimbia, basi unataka kila mtu aache. Usiniaibishe mbele ya watu."

Hilo liliniuma, siwezi kusema uongo. Lakini nimeishi na maumivu ya aina hiyo tangu alipokuwa na miaka kumi na minne, nimeshayazoea. Nikamwambia, "Nipe muda wa kuitembea. Nikirudi nikasema sawa, ruka mpaka Hispania ukitaka."

"Upepo ni sasa," Régis akasema.

"Upepo utakuwepo mpaka jioni. Wewe mwenyewe ulisema hata nyanya ya Lluc anaweza. Basi mwacheni bibi mmoja atembee."

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaenda mpaka mwisho wa njia ili nianzie huko, pale mkimbiaji anapofikia akiwa na kasi kubwa zaidi. Kabla sijafika mbali nilimsikia Régis nyuma yangu, maana upepo ulikuwa unaniletea kila kitu: "Mwacheni. Anatafuta ujana wake, aliuangusha majini."

Walicheka vizuri sana. Nikageuka. "Ujana wangu una jina kwenye ramani, Régis. Wako ukiupata, uniite."

Lluc peke yake ndiye aliyecheka hiyo.

Maji yalikuwa baridi ya kukata. Niliingia nikitegemea kiuno, kama nilivyoahidiwa, nikapata magoti. Nikajiambia labda hapa pembeni tu. Nikaenda katikati ya ukanda, bado magoti. Nikatembea kuuelekea mwanzo wa njia, upepo ukinipiga ubavu, na kadiri nilivyokwenda ndivyo maji yalivyoshuka: chini ya goti, katikati ya muundi. Hapo ndipo akili iliponifunguka. Tramontana hulisukuma ziwa zima. Huyakusanya maji upande wa kusini-mashariki na kuuacha ukingo wa huku unakauka. Kila mtoto wa hapa anajua hilo, wavuvi wa mikunga wanajua, mimi najua. Tunalijua tukiwa mezani, na tukishashika tanga hatulijui tena. Kile kiuno cha Jumapili kilikuwa kiuno cha Jumapili.

Hatua iliyofuata nikakanyaga chuma.

Nikapapasa kwa mguu. Kilikuwa cha mviringo juu, kimekula kutu, kimepandwa na majani ya majini, kinaelekea kukatiza njia. Hatua moja mbele kulikuwa na kingine sambamba nacho. Ilikuwa reli, ile ya zamani ya mikokoteni ya chumvi, juu ya tuta lake dogo. Maji yalinifika vifundoni. Pezi la chini ya ubao wa Flavie linashuka chini kuliko hapo.

Nikainua mikono yote miwili, nikaipunga juu ya kichwa, nikipiga kelele ambazo upepo ulizichukua na kuzipeleka ng'ambo bila kumpitishia mtu. Kule mwanzo wa njia niliwaona wadogo, matanga yenye rangi, na Régis juu ya gogo lake. Aliniona. Nitakufa nikisema aliniona, kwa sababu alitulia, akanitazama, kisha akatazama maji upande wa upepo, ambako pigo kubwa la upepo lilikuwa linakuja, maji yakigeuka meusi chini yake. Ni pigo ambalo mtu wa mwendo hulingoja majira mazima. Akaishusha fulana nyekundu.

Baadaye alisema alidhani naashiria kwamba kuko tayari. Mtu gani anaashiria utayari kwa kuruka kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, sijui, lakini ndiyo hadithi yake na ameshika hapo.

Flavie akaondoka. Niliona tanga likilala, ubao ukipanda juu ya maji, halafu zile sekunde ambazo mkimbiaji bado anaonekana yuko mbali, na ghafla hayuko mbali tena. Sauti yake ni kama kitambaa kinachopasuliwa bila kwisha. Mwili wote uliniambia toka. Ningeweza kuruka pembeni, ukingo ulikuwa pale pale. Lakini nikitoka, kwake yeye njia ingekuwa tupu na safi, maji yanang'aa. Nikapanda juu ya reli, nikasimama wima, ili aone miguu yangu. Nilimwomba Mungu, ambaye sina mazoea naye, kwamba macho ya Flavie yawe kwenye miguu yangu na siyo kwenye uso wangu, maana uso wangu amekwisha kuuzoea na huwa hauzingatii.

Aliona. Akaachia mpini wa tanga na kujitupa upande wa ziwa. Aliruka juu ya maji mara kadhaa kama jiwe bapa, tanga likang'oka na kupiga maji kwa kishindo, na ubao ukaendelea peke yake. Ulipita karibu yangu kiasi kwamba ulinilowesha mpaka kifuani, ukagonga reli nyuma yangu. Pezi liling'oka, na pua ya ubao ikafunguka kama mkate.

Nilimkuta Flavie amepiga magoti kwenye maji ya kina cha bakuli, damu inachuruzika kidevuni. Alikuwa anapumua. Nikamshika mabega. Hakunisukuma. Alinyoosha mguu mmoja, akaigusa reli kwa kidole gumba, akaurudisha.

Halafu tukamwona Régis anakuja ukingoni mbio. Ndiyo, mbio, goti limepona, masharubu yanapepea. Nilifikiri, na hapo najidharau mwenyewe kwa kumfikiria mema, kwamba huyu sasa ni baba. Akaingia majini mpaka kwetu, akahema, akamwinamia binti yake.

"Ngapi?" akauliza.

Flavie akajifuta damu kidevuni.

"Ngapi, mwanangu? Kabla hujaanguka, ilisoma ngapi?"

Flavie akafungua kipimamwendo mkononi, polepole, akampa. Régis akakifuta kwa kidole gumba. Uso wake ukafunguka. Akageukia ukingoni kwa watu waliokuwa wanakuja, akainua kile kidude juu.

"Hamsini na mbili!" akapaza sauti. "Fundo hamsini na mbili!"

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Lluc alikuwa amekuta kipande cha ubao, anakigeuzageuza.

"Kuna reli hapa, Régis," akasema.

"Reli si kitu. Kushoto kuna nafasi, mita tatu nzima, maji yapo ya kutosha. Mtu mwenye macho anapita. Angepita vizuri kabisa kama fulani asingesimama katikati ya njia kama mwiba." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Sheria ni sheria. Siku ya kwanza, fundo hamsini. Ni Njia ya Régis."

Zile sheria za mabibi zilikuwa zimerudi ghafla, zikiwa na nguvu zao zote.

"Kweli, baba?" Flavie akauliza. "Kushoto kuna nafasi?"

"Kweli kabisa. Ningepita nimefumba macho."

"Sawa," akasema, na kuinuka.

Ndani ya gari nilikuwa na maneno ya miaka ishirini, yamejipanga mdomoni. Nikayameza. Flavie alikuwa amekandamiza taulo kidevuni, anatazama mizabibu inayopita nje. Tulipofika karibu na daraja akaniuliza, "Ulijuaje?"

"Kuhusu reli? Sikujua chochote. Namjua baba yako."

Alilala kwangu usiku huo, akala supu, hakusema lolote juu ya baba yake, zuri wala baya. Nilingoja aseme baya, nilikuwa na hamu nalo, sifichi.

Upepo uliofuata ulikuja wiki ile ilipokuwa inaishia. Tulipofika, Flavie alikuwa ametangulia, kidevu kimebandikwa plasta. Pale mwanzo wa njia palikuwa na ubao umelazwa mchangani, tanga limefungwa tayari, kila kamba imekazwa, pezi limepakwa nta. Havikuwa vyake. Alikuwa amekwenda asubuhi kwenye banda la baba yake akavichukua.

Régis akafika akipiga mluzi. Akauona ubao wake, akasimama.

"Njia ina jina lako sasa, baba," Flavie akasema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, ndicho kilichonitisha. Sauti ilikuwa ya adabu, ile ya kumkaribisha mgeni mezani. "Aliyeipata hupita kwanza. Sisi tunangoja."

Régis akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Watu walikuwa wameshakaa chini, mmoja mmoja, kwenye mchanga, matanga yao yamelazwa. Upepo mzuri ulikuwa unapita juu yetu bure, na hakuna aliyeinuka.

"Goti langu," akasema.

"Ulikimbia vizuri siku ile, baba. Sote tulikuona."

"Tanga hili kubwa mno kwa leo."

Flavie akaenda kwenye gari, akarudi na tanga dogo la baba yake, nalo tayari limefungwa.

"Pezi hili refu. Maji ni machache."

"Nimekuletea fupi." Akalitoa mfukoni. "Na kushoto kuna mita tatu. Nimekuwekea boya jekundu kwenye reli, ili usipate shida."

Régis alitazama maji. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wake ulikuwa umefungwa bila kulazimishwa na mtu. Kisha akanigeukia mimi. "Ghislaine," akasema kwa sauti ya chini, "zungumza na mtoto wako."

"Mtu mwenye macho anapita," nikamwambia.

Akasema ameacha jiko linawaka nyumbani, akaondoka kwa mguu, akichechemea. Alichechemea mguu wa kulia.

Sasa imekuwa desturi. Njia ya Régis iko kwenye simu zetu zote, kwa jina lake, kama alivyotaka, na hakuna mtu aliyewahi kuipita mpaka mwisho. Tramontana ikivuma, kabla hatujaenda kukimbia kwingine, Flavie huenda kwanza kwenye mashamba ya chumvi na kumpangia baba yake vyombo pale mchangani. Kidevu kimepona, kimeacha kovu dogo jeupe. Wakati mwingine Régis huja, maana hawezi kukaa mbali na watu, na husimama nyuma ya gari la Lluc akijifanya anachagua piza. Flavie humsogelea, humbusu shavu la kulia na la kushoto, na kumuuliza kwa ile sauti ya adabu, kila mara, mbele ya wote:

"Leo vipi, baba?"